Turubai Mbele ya Mlango Wetu

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, Mbishi alikuwa na kazi moja: kugonga macho. Usishtuke. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana ya shangazi yake, fundi wa kushona maturubai, na humo ndani macho ni vile vipete vya chuma vinavyotiwa kwenye ukingo wa turubai ili kamba ipite. Unatoboa kitambaa, unaweka pete moja juu na nyingine chini, unasimamisha chuma cha kugongea katikati, kisha unashusha nyundo. Ukigonga sawasawa, shingo ya pete ya juu inafunguka na kuing'ata ile ya chini, na hapo upepo uvume utakavyo, jicho halitoki ng'o.

Jina la Mbishi hakupewa na wazazi. Alilipata mtaani akiwa bado mdogo sana, kwa sababu ukimwambia leo kuna baridi, anakuuliza umepima na nini. Kinyozi wa jirani alimwita hivyo, walimu walimwita hivyo, na yeye mwenyewe aliitika bila kinyongo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye mikono imara na mdomo ambao, kwa maneno ya mama yake, ungeweza kubishana na saa ya ukutani.

Siku zile nyumba nzima ilikuwa na bashasha, maana gwaride la sherehe za jiji lilikuwa limekaribia. Gwaride hilo hupita kwenye barabara pana iliyo mbele ya nyumba zao, kabla ya kukata kona kuelekea jukwaa la wageni. Bendi za matarumbeta hupita, magari ya zimamoto hupita yakiwa yameoshwa hadi yanang'aa, wanafunzi, waendesha baiskeli, wacheza ngoma juu ya malori. Watoto wa mtaa ule huketi ukingoni mwa barabara na miguu yao barabarani. Askari huja kuwaambia warudishe miguu, nao huirudisha. Askari akishapita, miguu hurudi palepale.

Lakini mwaka huu kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Mama yake Mbishi alikuwa mfagizi wa barabara, na kwa mara ya kwanza wafagizi wa jiji walikuwa wamealikwa kutembea katika gwaride, kila mmoja na ufagio wake begani. Basi jioni mama alifanya mazoezi kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, kushoto kulia, kushoto kulia, na kila akigeuka ufagio uliangusha kitu. Shangazi alicheka hadi akashika mbavu. Akamwambia wifi yake kwamba akigeuka namna hiyo huko barabarani, atamvua mkuu wa jiji kofia.

Mama hakujali kuchekwa. Alisema miaka yote aliyofagia barabara ile watu hawakumtazama yeye, walitazama chini alipopita kuona kama pamesafika. "Siku hiyo nitapita mbele ya mlango wangu kichwa juu," alimwambia Mbishi, "na wewe utakuwa umekaa pale ukingoni. Huko jukwaani wapige makofi wasipige, shauri yao. Mimi nataka nipite hapa."

Mbishi alisikia maneno hayo na moyo wake ukajaa. Baba yake, dereva wa lori, alikuwa safarini, kwa hiyo macho ya nyumba ile siku hiyo yangekuwa yake na ya shangazi. Alianza kuchagua hata mahali pa kukaa.

Na kazi nayo ilikuwa nyingi. Msimamizi wa gwaride, bwana mmoja mwenye haraka zake, alikuwa ameleta majora ya kitambaa kizito cha bluu. Alitaka turubai moja refu sana, refu la kutoka kona hadi kona ya mtaa, upana wake ukizidi kimo cha mtu, na macho kwenye ukingo wa juu na wa chini. Shangazi aliuliza urefu, akauliza upana, akauliza macho yapishane kiasi gani. Halafu akaketi kwenye cherehani. Kwa fundi wa maturubai, kitambaa kirefu chenye macho kingo zote mbili ni paa la kivuli, tena ni la wageni, kwa hiyo alishona huku akiimba kwa sauti ya puani, akifurahi kwamba wakubwa watakaa chini ya kazi ya mikono yake.

Siku moja Mbishi alitumwa sabuni dukani pamoja na rafiki yake Njiti, binti wa kinyozi, aliyekuwa mwembamba kama jina lake. Walipotoka nje wakakuta vibarua wanachimba mashimo ya nguzo kando ya barabara, mbele kabisa ya nyumba zao. Mbishi si mtu wa kupita penye shimo bila kuuliza. Akawasalimia, akauliza nguzo hizo ni za nini. Kibarua mmoja, udongo umemjaa hadi kwenye kope, akamwambia ni za ukuta. Ukuta gani? Wa turubai la bluu, linasimamishwa kutoka kona hadi kona, ili wageni wakipita na magari yao wasione huko nyuma.

Mbishi akauliza huko nyuma ni wapi. Yule kibarua hakuwa mtu mbaya. Alizitazama nyumba, akamtazama mtoto, kisha akainamia sururu yake.

"Nyuma ni kwenu, binti," alisema.

Akaongeza kwamba asiwe na wasiwasi, wenye nyumba zile wangewekewa runinga kubwa uwanjani, walione gwaride lote huko. Mbishi aligeuka akautazama mtaa wao kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Aliona lipu iliyobanduka, nondo za madirisha zilizopata kutu, nguo zilizoanikwa, kiti cha kinyozi mlangoni. Vitu hivyo alivizoea tangu anatambaa, na hakuna siku aliyofikiri kwamba ni vya kufichwa. Damu ikamchemka. Na kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba ukuta ule alikuwa ameugonga yeye, jicho baada ya jicho, akiwa na haraka ya kumaliza ili amwone mama yake akipita.

Hapo alipaswa kurudi mbio kumwambia shangazi. Hakumwambia. Hasira ilimpa akili nyingine. Njiti alitaka aibe wembe wa baba yake wakalichane turubai lote, lakini Mbishi akakataa, akisema mchano utaonekana mara moja na litashonwa lingine. Yeye alikuwa na njia yake. Jioni ile aliketi mahali pake kama kawaida, akasimamisha chuma, akashusha nyundo, lakini safari hii nyundo ilishuka kwa upole, ikagusa tu. Ukilitazama jicho la namna hiyo ni zuri, linang'aa. Ila halijang'ata kitu. Upepo mmoja wa maana, na ukuta wote ungekuwa chini kabla mama hajafika.

Aligonga hivyo ukingo mzima uliobaki. Alipokuwa akigonga aliona raha, tusidanganyane. Aliona raha ya mtu anayelipa kisasi bila kujulikana, na shangazi alipomsifu kwamba leo hana kelele, aliinamisha uso akatabasamu.

Sasa, shangazi alikuwa na tabia yake moja. Turubai haliwezi kukunjwa kabla hajayasalimia macho. Ndivyo alivyosema mwenyewe, kuyasalimia. Anatia kidole kwenye kila jicho na kuvuta kwa uzito wa mwili wake wote, moja baada ya jingine, asiruke hata moja. Kesho yake alasiri Mbishi alimkuta katikati ya salamu hizo. Macho ya mwanzo yalishika vizuri. Alipofika kwenye ukingo wa jana, jicho likamtoka na kubaki kidoleni kama pete. Akavuta la pili, likatoka. La tatu, vilevile.

Shangazi hakufoka. Akauliza kulikoni. Mbishi akasema labda mkono ulichoka. Shangazi akamfungulia kiganja chenye vipete vitatu avitazame, akamweleza taratibu kwamba mkono uliochoka hukosea ovyo, hapa sawa, pale vibaya. Haya yote yalikuwa mabovu kwa namna moja, yamepangwa kama meno. Huo haukuwa mkono uliochoka. Ulikuwa mkono unaojua unachofanya. Mbishi akajaribu kushikilia neno lake kidogo, akashindwa, na yote yakamwagika: mashimo, nguzo, ukuta, runinga ya uwanjani, na lile neno la kibarua, nyuma ni kwenu.

Shangazi akakaa juu ya jora la kitambaa.

"Lete hapa ukingo huu," alisema. "Uinue. Umesikia uzito wake? Sasa niambie, upepo ukija na haya macho yako yakaachia, turubai hili litamwangukia nani?"

Mbishi akasema litaanguka barabarani.

"Na barabarani kutakuwa na nani?"

Hapo ndipo alipoiona picha nzima. Kwenye barabara ile kutakuwa na wanaopita. Na mmoja wa wanaopita atakuwa mama yake, ufagio begani, kichwa juu, haoni linalomjia. Machozi yakamlenga. Alikuwa amewaza kila kitu isipokuwa hilo.

Shangazi hakumbembeleza. Alisema na yeye ana kosa lake, tena la kijinga kwa fundi wa umri wake. Alipima urefu, akapima upana, hakuuliza kazi ya kitu anachokishona, akajijibu mwenyewe kwamba ni paa. Kisha akamrudishia Mbishi nyundo, akamwamrisha ang'oe kila jicho la jana na kuligonga upya. Mbishi, hata na machozi yake, akabisha: kwa nini watengeneze vizuri ukuta wanaoukataa? Shangazi akamwambia kazi mbovu haitoki katika mlango huu, hata kwa adui. Kama turubai lenyewe litatoka au halitatoka, hilo ni jambo jingine, na watalisema mchana kweupe.

Mama aliporudi kazini na kuambiwa, alikwenda moja kwa moja kwenye sare yake mpya iliyokunjwa juu ya sanduku. Akaitazama, akaitia ndani ya sanduku, akasema basi haendi, wamtafute mfagizi mwingine wa kuonyesha. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Mbishi.

"Mama, usipokwenda watakuwa wametuficha bila hata kusimamisha turubai," alisema. "Wewe nenda. Ukuta tuachie sisi."

Mama akamtazama shangazi, shangazi akainua mabega, kama kumwambia wifi yake kwamba huyu ni wako, umemzaa mwenyewe. Sare ikatolewa tena sandukuni.

Kesho yake mchana msimamizi akaja na gari kuchukua mzigo wake. Alikuta mtaa uko nje. Shangazi hakuwa amemficha mtu habari ile, na kinyozi, aliyezibeba habari zote za mtaa pamoja na nywele za watu, alikuwa amefanya kazi yake. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri karakanani, na shangazi amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Akamkaribisha msimamizi, akamweleza kwamba kazi imekamilika na ni imara, ila haitatoka kwenda kuwa ukuta wa kuziba nyumba za watu.

Msimamizi alidhani ni utani, akacheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaacha. Alisema yeye ni mtumwa tu wa maagizo. Alisema ni siku moja tu, na siku moja haiui mtu. Alisema wanapendezesha barabara. Kinyozi akamuuliza nani kamwambia haipendezi, naye akajibu, akichagua maneno, kwamba hakuna aliyesema haipendezi, ila kuna vitu si vya kuwaonyesha wageni. Watu wakaguna. Msimamizi akaona atumie kiboko alichokuwa nacho: akamkumbusha shangazi kwamba kazi zote za mahema na maturubai ya sherehe za jiji hutoka kwenye kamati yake ya gwaride, na fundi anayegoma leo asitegemee kuitwa kesho.

Mbishi akamtazama shangazi. Kazi za kamati ndizo zilizolisha karakana ile kila mwaka, na kila mtu pale alijua.

"Sawa," alisema shangazi. Basi, hilo tu.

Neno hilo dogo lilimpa Mbishi nguvu kuliko hotuba. Akapiga moyo konde, akapita kati ya watu wazima, akasimama mbele ya msimamizi. Akamwamkia kwanza, shikamoo, naye msimamizi kwa mazoea akaitika marahaba kabla hajajua anaitikia nini.

"Mama yangu ni mfagizi," alisema Mbishi. "Mmemwalika nyinyi. Atapita hapa na wenzake, akifika jukwaani wageni watampigia makofi. Sasa huu ndio mlango wake, na zile ndizo nguo zake kwenye kamba. Mnampigia makofi yeye halafu mnaficha anakotoka. Mlimwalika mtu, au mlialika ufagio?"

Msimamizi akamgeukia shangazi.

"Mtoto huyu mbishi sana," alisema.

"Ndilo jina lake," akajibu kinyozi, na watu wakaangua kicheko. Hata dereva wa gari la msimamizi alicheka, akajifanya anakohoa.

Lakini Mbishi alikuwa bado hajamaliza, na lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Akakiri mbele ya wote kwamba aliyaharibu macho ya turubai lile kwa makusudi ili lianguke, na kwamba shangazi aliyagundua, akamrudisha kuyagonga upya yote. Alisema wangeweza kumpa likiwa bovu na asingejua. Sasa ni zima, akitaka avute. Msimamizi akaingia ndani, akatia kidole kwenye jicho moja, akavuta, akavuta tena kwa mguu ameukita sakafuni. Jicho halikutikisika. Aliporudi mlangoni, uso wake ulikuwa umelegea kidogo. Akauliza, safari hii kama mtu anayeuliza kweli, afanye nini yeye, maana nguzo zimekwisha kusimama na mkubwa wake kamwagiza turubai litandazwe mtaa mzima, kona hadi kona.

"Alisema litandazwe?" aliuliza Mbishi.

Msimamizi akasema ndiyo, litandazwe, ndilo neno.

"Kitu kinachotandazwa kinalala," alisema Mbishi. "Mkeka unatandazwa. Shuka linatandazwa. Ukuta hautandazwi, unasimamishwa. Tulilaze basi. Ukingo mmoja kwenye nguzo zako, wa pili kwenye nondo za madirisha yetu. Shangazi alilishona kama paa, na macho yapo pande zote mbili."

Watu wakatazama juu, kwenye nguzo, kisha kwenye madirisha, wakipima kwa macho. Shangazi alikuwa amekwisha pima. Njiti akaanza kushangilia, lakini shangazi akamnyamazisha kwa mkono. Alimwambia msimamizi kwamba wazo ni zuri, ila wasijifiche nyuma ya neno. Asiende kwa mkubwa wake kujifanya alisikia vingine. Ampigie simu sasa hivi, hapo hapo, amwambie kweli: wenye mtaa wamekataa ukuta, wamekubali paa.

Msimamizi akapiga. Watu wakasikia upande wake tu, na ulitosha. Ndiyo, mkubwa. Hapana, halijasimamishwa, litalazwa. Ndiyo, nyumba zitaonekana. Na nguo pia, ndiyo. Hapana, mkubwa, hawataki. Wote wako hapa. Hapana, mwingine wa kushona hapatikani, muda umekwisha. Kuna mtoto hapa, mkubwa, kama ungemsikia. Akasikiliza kwa muda mrefu, simu ameiweka mbali kidogo na sikio. Alipoishusha alisema wamekubaliwa, lakini lawama ni za fundi, na fundi asitarajie kuitwa tena. Shangazi akasema alikwisha jibu hilo.

Hakuna aliyengoja kuambiwa. Ngazi ya fundi rangi wa mtaani ikatoka, kamba zikatoka, na alasiri ile ile turubai la bluu likapanda, ukingo mmoja nguzoni, mwingine madirishani. Hakuna aliyepaka ukuta rangi. Kinyozi alipendekeza waanue nguo, akina mama wakamkata jicho, akasema alikuwa anatania.

Siku ya gwaride watoto wote wa mtaa waliketi ukingoni mwa barabara, kivulini, nyuso zao zikiwa na rangi ya bluu kwa mwanga uliopenya kitambaa. Miguu ilikuwa barabarani kama kawaida. Wazee waliletewa viti, na bibi mmoja ambaye miaka yote jua lilimkimbiza ndani kabla ya bendi ya kwanza alikaa siku hiyo hadi mwisho. Ngoma zikasikika mbali, zikaja, zikapita na kutikisa vioo vya madirisha. Matarumbeta yakapita. Zimamoto wakapita wakirusha maji kidogo juu, watoto wakapiga kelele wakitaka zaidi. Magari ya wageni nayo yakapita polepole, na wageni wakaona kila kitu: lipu iliyobanduka, nguo kwenye kamba, na kinyozi aliyekigeuza kiti chake kielekee barabarani, akimnyoa mteja mwenye povu nusu ya uso. Mgeni mmoja alipunga mkono. Mteja akampungia, povu na yote.

Kisha wafagizi wakakata kona. Walikuja kwa mistari, sare mpya, fagio begani, na Mbishi akasimama. Alikuwa ameandaa la kupaza tangu asubuhi, lakini akalisahau lote akimtafuta mama. Mama alikuwa mwishoni mwa mstari wa pili, tena mguu wake ulikuwa umepishana na wenzake, wao kulia yeye kushoto, na mazoezi yote ya ukumbini yalikuwa yamekwenda na maji. Hakujali. Kiongozi wao alikuwa amewaagiza watazame mbele tu. Mama aligeuza uso wote kuelekea mlango wake, akautazama mlango, akaitazama kamba ya nguo, akamtazama binti yake, akatabasamu hadi meno ya mwisho.

"Yule ni mama yangu," Mbishi alipaza sauti, akawaambia wa kulia, akawaambia wa kushoto, akamwambia hata askari aliyekuwa anakuja kuwarudisha miguu. "Yule pale. Huu ni mlango wake."

Alasiri, barabara ilipobaki na karatasi za rangi na mama akiwa amevua viatu, miguu imo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, vibarua walikuja kulichukua turubai. Shangazi alilikunja mwenyewe, akaliaga. Msimamizi alikuja nao. Akasema ile habari ya kutoitwa tena haijabadilika, na uso wake ulionyesha kwamba hakufurahia kuisema. Shangazi akamshukuru kwa kuileta mwenyewe badala ya kuituma. Kisha akaingia ndani akaketi kwenye cherehani, akaanza kushona turubai la lori la mtu, kwa sababu maturubai si ya kamati peke yake.

Mbishi alimfuata. Akauliza kwa sauti ndogo kama shangazi anajuta. Shangazi akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Kuikosa kazi ile kutaniuma, sikudanganyi," alisema. "Lakini sikiliza. Kukataa si utovu wa adabu. Jambo likiwa si la haki, likatae, na uwe mbishi hadi uchoke. Ila kuna kukataa kwa namna mbili. Uligonga yale macho nusunusu ukajificha nyuma ya mkono uliochoka. Wao walitaka kutuficha sisi, na wewe uliificha hasira yako, na nyote mngeumiza mtu asiye na kosa. Kisha yule bwana alipokuja, ulisimama mbele yake, ukamwamkia, ukasema yako, na kosa lako ukalitaja bila kuulizwa. Siku hiyo hata angekataa kila kitu, asingeweza kukugusa. Ukikataa, kataa ukiwa unaonekana. Ukiona unahitaji kujificha ili ukatae, jua kuna mahali umekosea."

Mama, kutoka kwenye beseni lake, akasema wifi amemaliza yote, yeye hana la kuongeza.

Mbishi akafikiri. Kichwa chake kilizunguka neno hilo pande zote, kama kawaida yake, kikitafuta pa kulishika.

"Kwa hiyo shangazi," alisema, "nikisimama hapa mbele yenu, mnaniona vizuri kabisa, nikakataa kuosha vyombo?"

"Tutakuona vizuri kabisa," alisema shangazi, akarudisha mguu kwenye cherehani. "Na tutakuona vizuri kabisa ukiviosha."